Mtego Mmoja kwa Majedwali Yote

Ba Papa, ba Mama, nawashukuru kwa kunisikiliza. Sitataja jina la mtu, maana wengine wangali kule kambini.

Wazazi wetu walipokufa niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari ili niwalee wadogo zangu. Tulipokimbia vita kutoka Masisi, yule wa mwisho alinipotea njiani. Nilifika kambini karibu na Mubambiro bila yeye. Nikapata kazi ya kuandika wakimbizi kwenye kompyuta: jedwali la familia, la watoto waliopotea, la wagonjwa. Siku moja nikaona jina lake kati ya watoto: miaka kumi na mitatu, yuko Mweso, anangoja gari la kumleta.

Lakini mistari ya wavulana ilikuwa imeanza kufutika. Na mwanaume mmoja mwenye viatu vya jeshi na koti la raia alikuja ofisini.

"Dada, batoto banaume ba myaka kumi na tatu kupanda juu, muko nabo wangapi?"

Nikafunga kompyuta. Hakukasirika. Alimsalimia mkubwa wangu wa kazi kama rafiki, akatoka.

Basi nikatega mtego katika jedwali la familia: amri inayojifyatua yenyewe mstari ukifutwa, ikahifadhi nakala yake kwenye kumbukumbu. Nikanakili amri hiyo kwa watoto na kwa wagonjwa. Ndugu zangu, nilijivuna.

Juma lililofuata jina la mdogo wangu halikuwepo. Nikatafuta kumbukumbu za watoto: tupu. Nikapiga simu Mweso, kwenye hospitali alikotunzwa.

"Hayuko ku liste, hawezi kupanda gari," muuguzi akasema. "Na kuko bantu ku mulango. Benye hawako ku liste njo banauliza." Wasio kwenye orodha ndio waliotafutwa, wapelekwe vitani.

Nilimkimbilia Papa mmoja fundi wa kompyuta, katika duka la Mama mmoja mfanyabiashara mzaliwa wa Butembo, karibu na kambi. Alisoma amri zangu, akacheka bila furaha.

"Mitego tatu, na yote inasema 'mimi niko ku familia'! Weye, andika moja tu. Ijiulize yenyewe: imeguswa ku jedwali gani, na nani?"

Nilikuwa nimenakili bila kubadilisha jina. Nikafungua kumbukumbu za familia, nikakuta "familia" yenye umri wa miaka kumi na mitatu. Alikuwa yeye. Mama yule alituma nakala ya mstari huo Mweso kwa lori lake ili jina lirudishwe kwenye orodha, na muuguzi akamficha mtoto wodini mpaka gari lilipofika.

Kisha nikaandika amri moja, nikaifunga kwenye majedwali yote. Siku ya pili ilinasa. Aliyefuta alikuwa mkubwa wangu wa kazi.

Asante Papa fundi, asante Mama, asante muuguzi. Nimejifunza kwamba kosa likinakiliwa halipungui, huzaa.

Mdogo wangu ameketi pale nyuma. Lakini waliofutwa kabla sijatega, sina mstari wao hata mmoja. Anayemkumbuka mmoja wao, asitoke kabla hajanipa jina. Nimekuja na kalamu.