Orville Tackett Anafunga Baa Akiwa Hai

Orville Tackett anastaafu tarehe 30 Juni 1966, baada ya kuitumikia studio yetu miaka thelathini na mmoja. Jina lake watazamaji hawalijui. Uso wake wanaujua: ndiye yule karani wa benki, yule mchungaji, yule mwizi wa farasi anayepigwa risasi kabla hujamaliza bisi zako.

Amekufa sana huyu mtu, na kila akifa, shati lililotoboka na kulowa rangi nyekundu linakuja kwangu nilifue na kulishona. Tena hafi haraka. Nilimwambia wazi, “Bwana Orville, unakufa kama mtu anayetafuta miwani sakafuni. Lala chini, watu wana njaa.” Akacheka, akaendelea kutafuta.

Miaka saba iliyopita alipewa nafasi ya kuwa Hobb, mwenye baa katika mchezo wetu wa televisheni wa kila Alhamisi. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kudumu. Msimu wa pili waandishi, watoto wasio na haya, wakaamua Hobb auawe. Kwa umri wake, nani angempigia simu tena? Alijua hilo. Jumatatu akapigwa risasi, akafa vizuri.

Jumanne akaja kuchukua kopo lake la chakula. Wakati huo walikuwa wanajiandaa kupiga picha ya watu wakinywa baada ya kumzika Hobb. Orville akaona kaunta ina vumbi. Hakuweza kupita hivihivi. Akafunga aproni, akaanza kufuta. Kamera ikawashwa. Dale Renfro, nyota wetu, akamgeukia kwa mazoea: “Mzee Hobb, nimiminie, koo limekauka.” Akamiminiwa. Mwongozaji akasema safi, tuendelee. Ukumbi mzima, na macho yao yote, hakuna aliyeona kwamba marehemu anagawa vinywaji kwenye matanga yake mwenyewe.

Walikuja kugundua wakati wa kuunganisha filamu, Dale ameshasafiri kwenda kucheza filamu nyingine, na picha ile haiwezi kurudiwa bila yeye. Ama wamkate Dale, ama wakate kifo cha Hobb. Nyota hakatwi. Kifo kikatupwa, na Orville akabaki na kazi mpaka leo.

Juma lililopita waandishi, sasa wana adabu kidogo, walimwuliza Orville kama Hobb aondoke kwa risasi au kwa homa.

“Nimekufa vya kutosha,” akawaambia. “Niacheni nizime taa, nifunge mlango, niende kwa Edna.”

Ikawa hivyo. Edna, mkewe, alikuwa amesimama nyuma ya mlango ule wa mbao wa baa, na koti la Orville mkononi. Wakaondoka wote wawili, hawakungoja mwongozaji aseme yatosha.

Asante, Orville. Kula vizuri, uishi sana. Na kifungo kikikatika, niletee shati. Edna ni mke mwema, ila sindano haijui.

Concetta Ruggiero, chumba cha mavazi