Bustani Zisizomshika Mtu

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Kokoto, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1952, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya soko, uwanja wake haupiti upana wa mkeka, na hata hapo aliotesha maua kwenye makopo ya rangi.

Alisoma hadi darasa la nane. Mwalimu wake wa sayansi alizoea kusema kwamba akimkosa darasani hujua pa kumtafuta: nyuma ya madarasa, amechuchumaa, udongo umempanda hadi viwikoni.

Mwaka 1971 aliajiriwa kumwagilia nyasi za nyumba kubwa ya kilimani. Huko ndiko alikokutana na mumewe, fundi bomba aliyeitwa kutengeneza bomba lililovuja, akalitengeneza, kisha akawa anarudi kila wiki kulikagua. "Bomba gani hili haliponi?" marehemu alimuuliza. "Anayeumwa si bomba," fundi akajibu. Walifunga ndoa tarehe 2 Juni 1973, wakajaliwa watoto watatu.

Kifungua mimba wao, wa kiume, hakufikia umri wa shule. Kiangazi kimoja aliamka na homa, akaachwa kwa jirani. Mchana jirani alifika mbio kwenye lango la nyumba kubwa, akasema mtoto anamwita mama yake. Marehemu alikuwa ameshika mpira wa maji, nyasi zimebaki kipande kidogo tu. Akasema, "Ngoja nimalizie hapa." Alipofika, mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka.

Tangu siku hiyo neno "ngoja" halikutamkwa nyumbani kwake. Mtoto akiita, sufuria iliachwa iungue. Mgeni aliyelisema alitazamwa kama ametukana, asijue kosa lake. Na kitinda mimba, binti aliyemuuguza, anasema haikupita siku mama yake asigeuke kutazama lango na kuuliza, "Nani kaniita?" Hapakuwa na mtu. Watoto walizoea, lakini hawakuacha kuogopa.

Aliacha kazi ile, akaanza kuwatengenezea watu bustani zisizowashika. Alitandika turubai kuzuia magugu, akamwaga kokoto, akapanda mishubiri, mikonge midogo na maua ya porini yanayovumilia jua, akiyapanga kwa rangi na kimo hadi wapita njia wakasimama kutazama. Wenye maneno yao walisema anauza mawe. Mwanasheria mmoja alilalamika, "Sasa mama, mimi nifanye nini humu?" Akamjibu, "Ukae, baba. Ukiitwa, unyanyuke uende." Kazi hiyo aliifanya hadi uzeeni.

Bustani moja tu alijitesa nayo, nayo ni kaburi la mwanawe. Pale alipanda nyasi laini kama zile za kilimani, akazimwagilia kwa mkono wake kila asubuhi, wala hakukubali kusaidiwa, hata na mumewe.

Mwishoni mwa mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, na kufikia Februari hakuweza tena kutoka kitandani. Kilichomuuma kuliko ugonjwa ni nyasi zile. "Amekauka yule," alikuwa akisema. Binti yake akawa anabeba ndoo kwenda makaburini, na akirudi mama anamkagua viatu kama vina tope, ndipo akubali kula. Siku moja alimshika mkono akamwambia, "Nikienda, tumwagieni kokoto sote wawili. Asije akakushika na wewe."

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Mei 2024. Aliinua kichwa, akatazama dirishani kuelekea lango, akasema kwa sauti yake ya zamani, "Nakuja." Binti naye alichungulia. Lango lilikuwa limefungwa.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kiume na mkewe, binti mmoja, wajukuu watano, na dada yake mkubwa tuliye naye hapa. Lori la kokoto alizoagiza mwenyewe limefika asubuhi hii, na dereva ameombwa ageuze. Mama hakutaka kumshika mtu. Binti yake anasema yeye anataka kushikwa. Basi mama apumzike kwa amani kando ya mwanawe. Maji watachota waliobaki.