Gauni Lililofumuliwa Mara Tatu

BIBI: Haloo? Nani huyo, hata hakujakucha?

MJUKUU: Mimi, Bibi. Shikamoo.

BIBI: Marahaba, mume wangu! Umeota nimekuacha?

MJUKUU: [anacheka] Nimetoka zamu sasa hivi. Nini hicho kinagongagonga?

BIBI: Kifuniko cha birika. Nachemsha maji ya kuloweka vidole. Bila hivyo mkasi haunitii.

MJUKUU: Majibu yako yametoka. Daktari kaniachia nikusomee mwenyewe.

BIBI: Soma. Ila uuguzi wako weka kando, niambie kifundi.

MJUKUU: Ngozi haikulazwa tu juu ya nyama kama shuka juu ya godoro. Chini yake kuna tishu unganishi. Nyuzi nyuzi, Bibi. Zinashikiza ngozi kwenye nyama, nyama kwenye mfupa—

BIBI: Zinapiga bandi.

MJUKUU: Ehe! Ukijikata, mwili unajishona kwa nyuzi hizo, kisha unaacha. Wako hauachi. Unarudia mshono juu ya mshono.

BIBI: Nguo ikishonwa hivyo inakakamaa.

MJUKUU: Ndiyo vidole vyako.

BIBI: Nami naulaumu mkasi wa watu! Unamjua jirani yangu fundi, yule mwenye mdomo? Kila jioni ananitungia uzi sindano saba, anazichomeka kwenye mto, anaondoka bila neno. Yeye!

MJUKUU: Mungu ambariki.

BIBI: Basi kama ni vidole tu, nitaishi navyo. Shida ni gauni hili, nimelifumua ubavuni mara tatu—

MJUKUU: Umenenepa?

BIBI: Ninenepe kwa lipi? Nimebaki mifupa. Linanibana kifua nikipanda ngazi. Pumzi haishuki. Nafumua, linapwaya, na bado linabana.

[Pumzi nzito upande wa pili.]

BIBI: Haloo? Umepotea?

MJUKUU: Ni… mtandao, Bibi.

BIBI: Mtandao gani unapumua hivyo?

[Kifuniko cha birika kinagongagonga.]

BIBI: Nyuzi hizo, na kwenye mapafu zipo?

MJUKUU: Zipo mwili mzima.

BIBI: Kumbe si gauni.

MJUKUU: Lazima wakupige picha ya kifua kwanza, tusije—

BIBI: Ipo dawa ya kufumua?

MJUKUU: Ipo ya kupunguza mwendo.

BIBI: Nimeuliza ya kufumua.

MJUKUU: …Hakuna, Bibi.

[Simu inakwaruza.]

BIBI: Haya. Maji yamechemka.

MJUKUU: Bibi, nisikilize—

BIBI: Ulipokuja, kifungo cha juu cha koti lako la kazi kilikuwa kinaning'inia. Umekishona?

MJUKUU: Bado. Nitampa fundi wa huku—

BIBI: Fundi gani! Katika zile saba nimekutengea sindano moja. Siigusi.

MJUKUU: Lakini vidole vyako— Bibi, salio linaisha!

BIBI: Basi njoo tena, mume wangu. Njoo na hilo koti. Usikawie—