Jioni Aliyoiona Mke Wangu

Mheshimiwa Mkurugenzi, viongozi wa meza kuu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mliokaa nyuma kabisa mkinusa sufuria: hamjambo?

Mimi ni mume wa huyu mama anayestaafu leo. Shule niliipita mlangoni tu, kwa hiyo msitafute karatasi mkononi mwangu.

Miaka yote hii amewashauri watu kuhusu kazi, na ushauri wake mnaujua. Mtu akija kuuliza, "Mama, niombe kazi gani?" yeye humwambia, "Fumba macho, mwanangu. Umeshatoka kazini, jua linazama. Uko wapi? Nani yuko nawe?" Akishaipata jioni ya mtu, ndipo huitafutia kazi ya kuitosha, kama fundi apimaye mwili kwanza na kitambaa baadaye. Je, mmepata kumwona mshauri mwingine anayeanzia mwisho wa siku? Karani mmoja wa benki, yule pale anayejificha, alifumba macho akakoroma. Mama akamfunika mtandio, akawaambia waliokuwa foleni, "Mwacheni, ushauri wake ndio huo." Leo karani huyo hurudi nyumbani mapema, na watoto wake wanamjua kwa sura.

Lakini mganga hajigangi. Jioni zake mwenyewe alizigawa kwenu, chai ikapoa, nami nikabaki kupiga soga na kiti. Juzi Mkurugenzi akanivuta pembeni: "Mzee, tunataka aendelee miaka miwili. Mshawishi, jibu tulisikie siku ya kumuaga." Nikaitikia. Mkubwa hakataliwi akiwa amekushika bega.

Leo asubuhi, akivaa viatu, nikamwambia, "Mama watoto, fumba macho."

"Tutachelewa, mzee wewe."

"Fumba tu."

Akafumba. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, uso ukalainika kama wa mtu asikilizaye mvua ya mbali. Kisha akasema taratibu, "Dirisha liko wazi. Pazia linapumua. Kuna mtu jikoni anapiga mluzi, tena vibaya."

"Na ofisi, unaiona?"

"Ofisi gani?"

Mheshimiwa Mkurugenzi, ulinituma nimshawishi, nami nimeshindwa kwa furaha. Jibu ni lake. Amenipa mimi nilitamke kwa sababu yeye angelia, na wanja ameupaka kwa taabu.

Asanteni nyote kwa kuniazima masikio. Kuhusu mluzi, nitajitahidi.