Kifundo Kwenye Paja la Kuku

Kamwene, ndugu zangu. Bwana apewe sifa kwa miguu hii miwili inayonisimamisha.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mzee wa kanisa huku Kilolo, na ukali wangu ulijulikana. Bibi Sekihwele, mjane aliyeunga mifupa kwa majani, mimi ndiye niliyemtenga na meza ya Bwana. Nilisema majani yake ni uganga. Alihamia benchi la nyuma, Jumapili baada ya Jumapili, akiimba.

Kisha nikaanguka nikiezeka kanisa, mguu ukavunjika. Hospitali kule Iringa walinitunza vizuri, lakini miezi ikapita na mfupa ukakataa kuunga. Daktari akasema nirudi baada ya miezi miwili. Ukiwa vile vile, mguu utakatwa. Mkulima wa milimani bila mguu, ndugu zangu, atalima nini? Nililia.

Mke wangu hakuniuliza. Alikwenda kumwita Bibi. Yule niliyemtenga akapiga magoti, akanifunga majani aliyoyatwanga. Halafu, kama ilivyo desturi ya waunga mifupa, akamvunja kuku mguu, akamfunga majani yale yale.

"Kuku akikanyaga, nawe nitakufungua," alisema. "Nguvu Mungu kaiweka kwenye jani, mwanangu. Mie natwanga tu."

Wiki ya nne akatufikia mchungaji mgeni. Mke wangu, kwa haraka ya kupika, akamkamata kuku asiyeweza kukimbia. Ndivyo kuku yule, aliyekuwa saa yetu ya kupimia uponaji, alivyoingia chunguni.

Mgeni akapewa paja. Akatafuna, akasita, akauinua mfupa.

"Kuku huyu alivunjika," akasema, "akaunga."

Nikautazama. Palipovunjika palikuwa na kifundo cha mfupa mpya, kigumu kabisa. Ugali ulinishinda. Nikamweleza mchungaji yote, na nilivyomtenda yule mama.

Bibi aliposikia habari za kuku alicheka mpaka machozi. Akaupapasa mguu wangu, akasema tungoje, kwani kuku aliliwa kabla hajakanyaga. Miezi miwili ilipokaribia kutimia akanifungua. Nilikanyaga, nao ukanibeba.

Safari ya kwanza ya mguu huu ilikuwa nyumbani kwake, kuomba msamaha. Ya pili, Jumapili ile, nilimshika mkono kutoka benchi la nyuma mpaka mezani pa Bwana. Njiani alininong'oneza nisiende mbio.

Namshukuru Mungu. Nawe unayenisikia, umemtenga nani? Mtegemee Bwana, kisha uende ukamwite. Huenda dawa yako anayo yeye.