Nilibana Pumzi Kama Mbeba Ndoo

Bwl-bwl-bwl. Sauti hiyo haijanitoka masikioni, mama zangu: pumzi yangu mwenyewe inapanda juu kwa mapovu, na mimi niko chini ya bahari, mtungi wa hewa mgongoni, kando ya meli iliyozama. Shikamooni kwanza, nyote mliokuja kunisikiliza. Msicheke, ni mimi huyu huyu wa hapa Newala!

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, nchi ilipofungua milango. Wageni walianza kuja Mikindani kutazama meli za zamani na kuta za nyumba za kale zilizomezwa na maji. Mimi, na elimu yangu ya darasa la saba, nikaenda kuwapikia. Kila jioni namsumbua mwalimu wao wa kupiga mbizi, mtu wa Mtwara, anifundishe.

"Wewe wa Newala kwenye shida ya maji, maji umeyajulia wapi?"

"Kichwani, mwalimu!"

Alicheka mpaka akakubali.

Jamani, kule chini! Samaki wanaingia na kutoka dirishani mwa meli kama watoto kwa jirani. Kwenye ukuta wa mawe kuna kishubaka cha taa, ndani amelala pweza. Nikawaza, kuna mama alikuwa akiwasha taa yake hapa. Nikamwonea huruma.

Mwalimu alinionya: "Ukipanda, pumua. Usiache hata kidogo." Nikaitikia. Lakini ninyi mnajua sisi tunavyopanda. Ukitoka kisimani bondeni na ndoo kichwani, pale penye kona kali unabana pumzi ili shingo isitikisike, maji yasimwagike. Basi siku moja kivuli kikubwa kikapita juu yangu, nikashtuka, nikapanda mbio. Mwili ukafuata mazoea ya mteremko wetu: nikabana pumzi. Kumbe hewa ya kule chini ukipanda nayo inatanuka. Ikanichana pafu.

Mwalimu alinitoa majini natema damu. Nikaishia kulazwa hospitali ya Ndanda. Daktari akasema, "Utapona, mwanangu, ila kupiga mbizi basi."

Nilirudi nyumbani naiogopa pumzi yangu. Ndoo sikugusa. Watu wakasema nina jini la baharini. Mama alinibebea maji na goti lake lile bovu, hadi siku alipoanguka mteremkoni, ndoo ikabingirika bondeni. Hakulia.

"Kesho tunashuka sote," akasema. "Wakati wa kupanda utanisimulia hiyo meli yako. Ukinyamaza tu, namwaga maji yako."

"Mama! Maji?"

"Namwaga!"

Nani aone maji yakimwagwa Newala? Nilisimulia dirisha, nikasimulia samaki. Kwenye kona kali nilikuwa nimefika kwa pweza.

"Anakula nini huyo?" mama akauliza, anahema.

"Kaa!"

"Anakula vizuri kutushinda."

Nikacheka, na nikiwa bado nacheka tukatokea juu. Pumzi sikuibana hata mara moja.

Asante mama, yule pale nyuma anajificha kwa kanga. Asante mwalimu wangu, na wauguzi walionikeshea. Nanyi wenzangu, ukipanda na mzigo usinyamaze nao. Ongea, hata kama ni habari za pweza.

Bahari naikumbuka bado, siwafichi. Leo asubuhi, nyumbani pakiwa kimya, nilichota ndoo moja kwenye tangi la mvua. Nikapiga magoti, nikatumbukiza uso, nikapuliza polepole. Bwl-bwl-bwl. Kisha maji yale nikamwagilia mchicha.