Dawa ya Ng'ombe Niliyojidunga

Bibi zetu, shikamooni. Akina mama wenzangu, nawasalimu. Mkutano uliopita mwenyekiti aliniomba nisimame, nikamwambia nina mafua. Sikuwa na mafua, niliogopa. Leo tuko wanawake peke yetu, nitasema yote. Mume wangu anajua nimekuja kuyasema.

Ndugu zangu, mimi niliwashwa sehemu za siri karibu miaka miwili. Ilianza mwaka ule mkoa wetu ulipogawanywa tukaanza kuitwa watu wa Manyara, wakati wa mavuno ya maharage. Kuwashwa mpaka unatamani kujisugua ukutani. Uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda, na nikikojoa mkojo unaunguza. Wenzangu wamekaa chini wanachambua maharage, mimi nimesimama. Mmoja akaniuliza, "Wewe huchoki?" Nilikuwa nimechoka kuliko wote.

Kichwani kwangu ugonjwa wa huko chini uliletwa na kitu kimoja tu, zinaa. Mimi sijatoka nje ya ndoa. Basi nikasema ni mume wangu ameniletea, kila mwezi yuko mnadani. Nikahamia kitanda cha watoto. Hakuuliza, nami sikusema. Tukaishi kwa salamu na ugali tu.

Sasa nawaambia kosa langu, na msicheke. Zamani bwana mifugo alikuja mwenyewe kuchoma ng'ombe sindano. Baadaye akaacha kuja, maduka ya watu binafsi yakafunguliwa, kila nyumba huku Tumati ikanunua chupa yake ya dawa na sindano yake. Mume wangu alinifundisha kuchoma, na mkono wangu ni mwepesi. Nikafikiri, dawa inayoinua ng'ombe mzima itashindwa kuniponya mimi? Nikawa najidunga pajani.

Mnacheka, na nilisema msicheke.

Kila nikijidunga, baada ya siku chache kuwashwa kunarudi kukali zaidi. Nami naongeza. Masika ya pili tangu nianze kuwashwa, ng'ombe wetu wa maziwa akashikwa na homa. Mume wangu akachukua chupa, akaitikisa, haina kitu. Duka liko Dongobesh na mvua imekata njia. Asubuhi ng'ombe amekufa. Akasema labda yeye hakuifunga vizuri ikamwagika. Jamani, alijilaumu mbele yangu, nami nikanyamaza.

Hilo ndilo lililonishinda. Kuwashwa nilivumilia, lakini kumtazama yule mwanaume akijilaumu kwa kosa langu sikuweza. Njia ilipokauka nikaifunga ile chupa kwenye kanga, nikaenda kituo cha afya.

Nesi alikuwa wa umri wa binti yangu. Akaniamkia shikamoo, aibu ikazidi. Akauliza, "Mama, umetumia dawa gani?" Nikasema hakuna. Akauliza tena, taratibu. Nikaitoa.

"Mama, hii si ya ng'ombe?"

"Ni ya ng'ombe."

Hakucheka. Wakanipima mkojo, damu, mpaka sukari. Akaniambia, "Ni fangasi, mama. Hata asiye na mume anapata. Na dawa ya namna hii inaua vijidudu vinavyokulinda, halafu fangasi wanastawi." Akanipa vidonge vya kuweka ukeni, akanikataza kujiosha ndani kwa sabuni. Nilipona, nikalala usingizi ambao nilikuwa nimeusahau.

Mume wangu nilimwambia tukiwa tunapalilia. Nilimwambia yote: nilivyomshuku, chupa, ng'ombe. Akaweka jembe chini. "Huyo ng'ombe ningemuuza ukatibiwe," akasema. "Wewe ukanikalia kimya." Nililia palepale kwenye mahindi. Hata leo nikikumbuka naumia.

Namshukuru yule nesi. Namshukuru mume wangu kwa kunisamehe, ingawa ilichukua muda. Na ninyi mliokuja kunivunia maharage bila kuuliza kwa nini siinami, asanteni sana. Ninachowaomba ni kwamba mtu asijitibu kwa kubahatisha, na asimhukumu mwenzake kabla ya kupimwa.

Alhamisi naenda tena kituoni, si kwa kuumwa, mimi nimepona. Kama kuna mmoja wenu hapa anayeumwa kama nilivyoumwa, apite kwangu asubuhi tuongozane. Si lazima aniambie anaumwa nini. Tukiulizwa njiani, tutasema mgonjwa ni mimi.